Chungu cha Mayai ya Chura, Kutoka Nyamira Hadi Chini ya Nyakoe

Ule mwaka nzige walikula wimbi letu la ugali, nasi tukawala nzige. Tuliwakaanga, tukawatoa mabawa, tukatafuna mpaka wajukuu wangu wakaanza kujipapasa mabegani kama nao wataota mabawa. Nzige walipokwisha tukala ndizi. Ndizi asubuhi, ndizi jioni, na mbuzi wakala maganda wakanenepa kuliko sisi. Mkitaka kujua ni mwaka gani, muulizeni mtu yeyote wa kwetu habari za mwaka wa ndizi. Atashika tumbo kwanza, ndipo ajibu.

Mmeniuliza kilitokea nini kwa kile chungu. Achieng' wa Keumbu ameuliza, Mama Zena wa mjini ameuliza, na majirani zangu hapa juu ya Nyamira wameuliza mpaka nikaanza kupita njia ya nyuma. Basi naandika mara moja, kwa Kiswahili changu cha sokoni, Mjaluo asome, Mswahili asome, Mkisii asomewe. Shule yangu ilikuwa masomo ya jioni ya kanisa. Nilijua herufi, nikaondoka. Anayetaka maneno ya kutiwa sukari akatafute kwingine.

KISIMANI KWETU

Binti yangu wa mwisho, Kerubo, aliolewa chini ya Nyakoe, kule ardhi inakoteremka kufuata joto la ziwa. Mumewe ni mtu mpole. Mama wa mumewe, Nyaboke, ni mtu wa maneno. Kerubo alikuwa amewatoroka mara mbili. Mara zote mbili ni mvua ya kwanza ikidondoka tu, huyo, anatokea mlangoni kwangu na matope mpaka magotini. Umepigwa? Hapana. Umenyimwa chakula? Hapana. Basi una nini? Kimya. Msimu wa kupalilia ukiisha wanakuja kumchukua. Mara ya pili Nyaboke alituma neno na waliomfuata: "Akitoroka mara ya tatu, abaki hukohuko."

Siku ile ya kuondoka nao, akifunga kitambaa kichwani, ndipo Kerubo aliponiambia.

"Mama, kule kukiingia giza hakuna sauti. Hapa nikilala nasikia vyura wa kisimani. Kule nasikia moyo wangu tu."

"Upumbavu gani huo," nikamwambia. "Nenda."

Alikwenda. Lakini neno lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Niwaeleze vyura wetu, maana wengine mnadhani chura ni chura. Kuna wale laini wa miguu mirefu wanaoruka kama wameungua. Hao si wetu. Wetu ni chura wa vipele, mnene, mkavu, rangi ya udongo, anayependa kukaa karibu na nyumba za watu. Mchana analala chini ya ghala au chini ya jiwe. Jioni anatoka polepole kama mzee anayekwenda kunywa, anaketi penye mwanga wa moto, anangoja mdudu ajilete. Ukitaka kuwa na hakika, mtazame kichwani. Ana mabaka meusi mawili mbele na mawili nyuma ya macho, na katikati yake panabaki weupe kama msalaba. Mwinue mguu wa nyuma, utaona wekundu pajani kama wa mtu aliyekalia makaa. Nyuma ya macho ana vifuko viwili vya sumu. Mbwa wangu alimuuma mmoja, akatokwa na povu siku nzima, na tangu hapo akimwona chura anajifanya hana pua. Dume ana koo jeusi, naye ndiye mwimbaji. Jike hunyamaza na kuchagua.

Wimbo wenyewe si mzuri. Ni mkoromo mrefu, kama mtu anayeburuta mlango mzito. Lakini wakikoroma wengi pamoja, na ukungu ukishuka kwenye migomba, unahisi kitanda kinaelea.

Mnauliza kwa nini sikumpelekea vyura wazima. Kwa sababu mimi si mjinga. Palikuwa na jike mmoja aliyezoea kulala ndani ya kikapu changu cha viazi. Nilichoka naye, nikamtupa ng'ambo ya kilima. Msimu uliofuata nilimkuta kisimani, nikamjua kwa kovu la mgongo. Chura hurudi kutaga kwenye maji aliyozaliwa, hata umpeleke wapi. Ukitaka ahamie, mchukue akiwa yai, kabla hajajua kwao ni wapi. Nikakaa nikiwaza hayo, nikaona kosa langu. Kerubo nilimtoa akiwa mzima.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya vipande. Huku juu ilinyesha mapema, kule chini bado vumbi. Nikajua ikifika kwa Kerubo, atainua mguu mara ya tatu. Ilinipasa nifike kabla ya mvua. Na kwenda mikono mitupu kumwambia vumilia, hapana. Vumilia nilikwisha kumpa mbili, hazikumshika.

Asubuhi moja nilikwenda kisimani vyura wamekwisha kuondoka. Mayai ya wale laini huwa bonge moja kama ute. Ya wetu ni uzi. Uzi mrefu wa kamasi safi, na ndani yake nukta nyeusi zimepangwa mbili mbili kama shanga, umezungushwa kwenye majani ya maji. Niliukata pamoja na majani yake, nikaulaza ndani ya chungu, nikafunika kwa jani la mgomba, nikajitwisha. Majirani niliwaambia napeleka vyura kwa mkwe wakale tunutu, wale watoto wa nzige. Hilo walilikubali. La usingizi wa Kerubo sikumwambia mtu.

MTONI GUCHA

Kutembea na maji kichwani kunakufundisha adabu. Hugeuki ukiitwa. Huinami kumsalimu mtu. Nilitembea katika ukungu nikisikia chungu kikinong'ona juu yangu, nikaona kama si mimi ninayekibeba, ni chenyewe kinachonining'iniza.

Gucha ilikuwa imefura, rangi ya chai ya maziwa, na magogo ya daraja yamechukuliwa. Ukingoni alikaa mzee mmoja anaitwa Makori, kazi yake kuvusha watu kwa bega.

"Mama, mto imejaa," akasema. "Rudi nyumbani na chungu yako."

"Sirudi na nilichokileta," nikamwambia.

"Basi kaa. Maji haina haraka ya mtu."

Nilikaa siku tano. Mke wa Makori alinipokea vizuri, akanipa ndizi za kuponda, lakini chungu akakikataa kisiingie. Alikuwa amefunua jani akachungulia, akadhani ni dawa ya kuroga. Nikamwambia ni mayai ya chura. Akaona hilo ni baya zaidi.

"Mchawi hubeba chura mmoja," alimwambia mumewe nami nikisikia. "Huyu amebeba ukoo!"

Basi chungu kililala nje chini ya paa, na mimi nikawa natoka kila mara kukiangalia. Siku ya pili zile nukta zilirefuka. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha nukta na mkato, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kila nukta iligeuka mkato. Siku ya tatu mikato ikatoka ndani ya uzi, ikaning'inia kwenye kamasi lake bila kufanya lolote, kama watu walioamshwa mapema mno. Siku ya tano ilikuwa inaogelea. Viluwiluwi vyeusi tititi, vyote vinageuka pamoja.

Nilipoinua kichwa nikamkuta mke wa Makori amechuchumaa karibu yangu. Sijui alikuja saa ngapi.

"Wanakula nini?" akauliza.

"Ule ukijani wa kwenye mawe."

Akaenda, akarudi na jiwe lenye ukijani, akaliingiza taratibu kama anayemlaza mtoto. Tukakaa wote wawili tukitazama, jua likahama kutoka mguu wake hadi wangu. Alipogundua anacheka, akainuka akaenda zake.

Mto uliposhuka Makori alivusha chungu kichwani mwake, akiapa kwamba mkewe akimkimbia, itakuwa kwa sababu yangu. Mimi nilivuka kwa miguu yangu kwa sababu sipendi kubebwa. Jiwe likanikata unyayo hadi mfupa ukaona mwanga. Hiyo ndiyo faida ya majivuno.

KEUMBU

Nilifika Keumbu nachechemea, mguu umevimba kama mgomba. Sokoni palikuwa na mama mmoja wa Kijaluo anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wakavu, mnene, mcheshi, msalaba mdogo wa mbao shingoni. Alipoona nayumba alinipokea chungu kabla hajanisalimu. Huyo ndiye Achieng'. Achieng', wewe unayajua haya, lakini wengine hawajui jinsi ulivyodanganyika.

Alinilaza ghalani kwake kati ya magunia ya omena, na nililala hapo wiki tatu. Kidonda kilinipa homa. Siku za kwanza sikujua mchana na jioni. Niliota natembea chini ya maji ya kisima chetu, maji yana nuru ya kijani, na viluwiluwi wakubwa kama ndama wanapita juu yangu bila kelele, na Kerubo yuko mbele, ananipungia, lakini nikimsogelea ni mdogo, ana miaka minne. Nikiamka nasikia harufu ya samaki, nasikia soko likiunguruma kwa mbali, nalala tena.

Na muda wote huo Achieng' alikuwa akiwalisha. Aliponda unga wa vichwa vya omena, akanyunyiza. Akabadilisha maji kila siku. Nilishangaa mtu wa soko anapata wapi moyo huo, mpaka siku homa ilipotoka, akaniuliza:

"Nyanya, hawa samaki wa kwenu huwa wakubwa kiasi gani?"

Nikanyoosha mkono wangu, nikautazama.

"Wanatosha mkono," nikasema.

"Wana mafuta?"

"Wakinona, ndiyo."

Nisameheni. Nilikuwa siwezi kusimama, na wao walihitaji kula. Chungu kikawa hakiwatoshi, akawahamishia kwenye karai lake la kuoshea samaki, akawa anawaonyesha wateja. Wengine walikufa, sitasema uongo. Kila asubuhi wachache walielea tumbo juu, na wenzao wakawala. Viluwiluwi hawazikani.

Kisha asubuhi moja nikasikia yowe, na bakuli likianguka.

"Nyanya! Samaki ameota miguu!"

Miguu ya nyuma huanza hivyo. Unaona vichipukizi viwili kando ya mkia, kesho yake ni miguu kamili, myembamba kama uzi wa kushonea. Sikuwa na la kuficha tena. Achieng' alisimama mikono kiunoni.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nimelisha chura omena yangu."

"Mungu atakulipa."

"Mungu yupi? Yule wa vyura?"

Kulikuwa na wanawake wa soko wamejaa mlangoni. Nikawaeleza habari ya msalaba unaotokea kichwani chura akikua. Mmoja, mtu wa kanisa sana, akasema hayo ni makufuru. Achieng' akamjibu hapohapo, "Dada, wewe ulizamishwa mara moja tu. Hawa wamebatizwa wiki nne." Wakacheka mpaka magunia yakatikisika, na yule wa makufuru akacheka kuliko wote. Jioni ile Achieng' alinipikia samaki wa kweli kwa ugali wa muhogo, nikala mpaka nikasahau mwaka wa ndizi. Asubuhi nilipoamka nilikuta amekwisha kuwapa unga wao.

Lakini nilipotoka nje kujaribu mguu, nilitazama nyuma, kule nilikotoka. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Nyamira, na yalikuwa yamesogea. Mvua ilikuwa inanifuata nyuma kama mbwa asiye na haraka.

MJINI KISII

Mama Zena ni mke wa Mzee Salimu, mwenye duka la nguo na sindano. Tumejuana tangu nilipokuwa nikiuza ndizi mjini, na Kiswahili nilichonacho nusu yake ni chake. Nilifika kwake nimechoka, viluwiluwi wamebanana tena chunguni, na wamefika pale pabaya kuliko pote.

Niwaambie pale pabaya. Mikono hutoka kwa ghafla, mmoja kwanza, kama mtu anayetoa kiwiko kwenye shati lililochanika. Mdomo unapanuka. Mkia unaanza kuliwa na mwili wenyewe kutoka ndani, na siku hizo hawali kitu kingine. Na sasa wanavuta pumzi. Maji yaliyowalea ndiyo yatakayowaua wakikosa pa kupanda. Ukimtembeza na chungu kinachochapachapa wakati huo, anazama. Ilinibidi kungoja.

Mama Zena alikuwa dukani nilipoingia uani. Pembeni ya ukuta, kivulini, palikuwa na beseni pana la udongo limejaa maji masafi, kata imening'inia juu yake. Nikasema Mungu ameniandalia. Nikawamimina humo, nikaweka na tofali katikati wapate pa kupanda, nikaketi mkekani kupumzisha mguu. Nikasinzia.

Niliamshwa na sauti ya Mzee Salimu. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu, amechota maji ya kutawadha, na kiganjani mwake kimekaa kitu chenye miguu minne na mkia.

"Zena," akaita kwa upole. "Zena, njoo. Maji yangu ya udhu yamezaa."

Ningekuwa na shimo ningeingia. Mama Zena alikuja mbio, akaona, akanitazama, akashika mdomo. Mzee Salimu akamrudisha yule mdogo juu ya tofali, taratibu, akafuta mkono.

"Ni viumbe vya Mungu," akasema. "Lakini mama, viumbe vya Mungu navyo vina uwanja wao. Leo nitatawadha msikitini."

"Nitawatoa sasa hivi, baba, hata kama wakitikiswa watakufa."

"Usiwatoe. Umesema wakitikiswa watakufa. Waache wamalize walichoanza."

Alitawadha msikitini siku tisa. Wengi wetu tunaokwenda kanisani hatungemfanyia hivyo chura, wala mwenye chura. Kila alasiri akirudi alisimama juu ya beseni, mikono nyuma, akitazama mkia wa nani umepungua. Mama Zena aliniletea chai ya tangawizi na mandazi, nasi tukakaa uani, kanzu zimeanikwa zinapepea juu yetu, na wale wadogo wakipanda tofali mmoja mmoja, wakiketi hapo na vimkia vyao vifupi, wakishangaa hewa. Nilimwambia Mama Zena yote, hata lile la usingizi wa Kerubo. Yeye alikuwa wa kwanza.

"Na hawa wakifika wataimba?" akauliza.

"Hawa? Hawataimba mpaka waote makoo. Mwaka, labda miwili. Na madume tu."

"Sasa watamsaidia nini?"

"Atawangoja," nikasema. "Mtu anayengoja kitu hatoroki."

Mama Zena akachukua birika. "Wewe ni mjanja mbaya," akasema, akanimiminia chai nyingine.

NJIA YA NYAKOE

Nilitoka mjini asubuhi. Kilima cha Nyanchwa kilikuwa kimefunikwa wingu mpaka mabega, na kengele ya shule ya huko juu ilisikika kama imelia ndani ya pamba. Chungu hakikuwa na maji tena, bali tope laini na majani mabichi. Ndani yake walikaa vyura kamili, kila mmoja mdogo kama harage, vipele tayari mgongoni, hasira tayari usoni. Wa kuhesabika. Uzi ule wote, na sasa wanatosha viganja viwili.

Baada ya Nyakoe njia iligawanyika, nikasahau ipi ni ya kwa Nyaboke. Kwa mbele nikaona kijana anakuja, jembe begani.

"Kijana!" nikaita. "Kwa Nyaboke ni njia ipi?"

Alinitazama, akatupa jembe, akaruka ndani ya migomba ya watu.

Nikajua ameona chungu. Habari za njiani huwatangulia wenye nazo. "Kijana!" nikapiga kelele. "Toka huko! Chura hawaumi! Ni wadogo kama harage!"

Migomba ikatikisika, akaingia ndani zaidi. Nikamfuata kidogo, nikamwambia mwanamume mzima aone aibu, nikamwambia mke wake, kama anaye, ana kazi. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga shambani alikaa chini kwa kucheka.

"Nyanya, mwache! Chura gani? Huyo ni mkwe wako, mume wa Kerubo!"

Kwetu mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake njiani hivihivi. Ni heshima, na heshima hiyo nilikuwa nimeishika vizuri mno. Tangu siku ya posa mpaka siku ile sikuwa nimemtazama usoni hata mara moja. Nikajifunika kichwa kwa leso, nikageukia upande wa pili, nikasema kwa sauti kwamba jua ni kali. Jua halikuwepo. Sauti kutoka kwenye migomba ikasema kwa adabu, "Njia ni ya kushoto, mama."

Nikashika ya kushoto. Tone la kwanza likanipiga mkononi.

KWA NYABOKE

Nilikwenda haraka kadiri mguu ulivyokubali. Vumbi lilikuwa linanuka mvua. Nilipoingia uani jua lilikuwa linazama nyuma ya wingu, na Kerubo alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya Nyaboke, furushi la nguo chini ya kwapa. Nyaboke ameketi kwenye kigoda, mikono amekunja, amemwachia njia wazi kabisa.

"Mama Kerubo," akasema Nyaboke bila kuinuka. "Umekuja kumchukua mwenyewe? Umenipunguzia maneno."

Nilishusha chungu. Kerubo alinitazama, akatazama chungu. Mvua ikaja sasa, mvua ya kweli, ikiteremka juu ya migomba kama watu wengi wanaotembea bila viatu. Tukasimama wote chini ya paa. Mwanga ukawa wa bluu, kisha kijivu.

Na kutoka chini, mtoni, mtu akaburuta mlango mzito.

Kimya. Kisha mwingine. Kisha milango mingi.

"Mama," Kerubo akasema polepole. "Umewaleta vyura wa kwetu?"

"Nimeleta wadogo tu. Sikuleta wakubwa."

"Wakubwa gani?" Nyaboke akauliza. "Si vyura hao? Hao wa mto wetu. Kila mvua ya kwanza hawatuachi tulale."

Kerubo akaketi juu ya nguo zake. Nikaelewa wakati uleule naye alipoelewa. Katika msimu wa kiangazi chura wa vipele hujifukia, halii, humwoni. Kila mara walipokuwa wakiamka kuimba, binti yangu alikuwa njiani anatoroka kwenda kusikiliza wa kwetu.

Nilishika kijinga cha moto nikateremka, mvua au si mvua. Nilimkamata wa kwanza niliyemwona. Koo jeusi. Msalaba. Nikainua mguu, wekundu. Nilisimama pale nimeloa, nimemshika chura aliyekuwa akinikoromea usoni, na nyuma yangu wiki sita na kidonda kimoja.

Niliporudi nilisema ukweli, maana uso wangu ulikuwa umekwisha kuusema. Nyaboke alifunua jani, akachungulia chunguni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika nguzo.

"Umetembea kutoka Nyamira! Na mguu huo! Kutuletea chura! Sisi!"

Acheke. Mimi nilikuwa namtazama Kerubo. Alikuwa ameegemea ukuta, nguo zake chini ya kichwa, na alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala ana miaka minne.

Alilala mpaka jua likapanda. Hakuna aliyemwamsha. Tulipowateremsha wale wadogo penye majani ya ukingoni, alikuja akiyumba kwa usingizi, akachuchumaa. Walitoka chunguni kwa mwendo wao wa kizee, hatua mbili, kituo, hatua mbili.

"Wataimba lini?" akauliza.

"Mwaka kesho. Au mwaka unaofuata."

"Watafanana na hawa?"

"Sijui."

"Nitawajua," Kerubo akasema. "Nitakuambia."

Nilikaa siku tatu. Siku ya kuondoka Nyaboke alinishika mkono tukatoka hadi mlangoni. Ghala lao lilikuwa tupu kama letu, nami nilijua, na kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Akanipa chungu. Kilikuwa kizito. Nikafunua jani nikaona maji, na ndani ya maji uzi mrefu wa shanga nyeusi, mbili mbili, umezungushwa kwenye majani. Nguo yake ilikuwa imeloa mpaka magotini.

"Wa kwetu," akasema. "Nanyi mpate."

Nikalirudisha jani. Ndipo Nyaboke akainua kidevu kuelekea jikoni. Hakuwa anacheka sasa. Alikuwa ananipima, macho hayapepesi.

"Na hao wako wa mtoni, nitawakanyaga, macho yangu mabaya. Na huyu wako anayelala mpaka jua kali, mimi sina nguvu ya kumkimbilia tena mvua ijayo. Sema sasa, Mama Kerubo, tumalize. Utarudi nao?"

Kupitia mlango wa jikoni nilimwona Kerubo amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga muhogo. Jiwe likasimama. Hakuinua macho. Kisha likaendelea, taratibu, kwenda na kurudi.

Nikajitwisha chungu. Nikamwambia Nyaboke vilevile nilivyomwambia Makori ukingoni mwa Gucha:

"Sirudi na nilichokileta."